Anayetaka wezi wavushwe kisiwani amalizie na historia ya wanawake waliopelekwa Australia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza hivi karibuni kwamba wezi wadogo wadogo wanaosumbua mialo na masoko ya hapa Mwanza, wakiwemo kina mama wanaokamatwa na ndoo za dagaa zisizo zao, wasipelekwe tena gerezani kula chakula cha Serikali, bali wavushwe kwa boti hadi kisiwa kimojawapo kisicho na watu, wakajitafutie riziki huko kwa jasho lao. Ili kuipa nguvu hoja yake alitutolea mfano wa Australia, nchi ambayo kwa maelezo yake ilijengwa na wezi waliofukuzwa Uingereza, na ambayo leo haioni haya kuweka katika noti yake sura ya mwanamke aliyeiba farasi. Aliyoyasema kuhusu noti ni kweli. Nilifundisha historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na ninachoomba ni kumalizia simulizi ambayo yeye aliikatiza mahali panapopendeza.

Mwanamke wa kwenye noti ni Mary Reibey, na noti yenyewe ni ya dola 20, ambayo imebeba picha yake tangu 1994. Alizaliwa 1777 katika mji wa Bury, kaskazini mwa Uingereza, akafiwa na wazazi mapema, na akiwa bado binti mdogo, amevaa mavazi ya kiume na kujiita James, alikamatwa na farasi wa wizi. Alihukumiwa kuhamishwa ng'ambo kwa miaka saba, akafika Sydney Oktoba 1792. Miaka miwili baadaye aliolewa na Thomas Reibey, ambaye aliingia katika biashara ya nafaka na vyombo vya majini, na mumewe huyo alipofariki 1811 alimwachia watoto saba pamoja na biashara yote, naye akaiendesha kwa ustadi hata benki ya kwanza ya koloni lile, ilipofunguliwa 1817, ikaanzia katika nyumba yake. Ni maisha ya kustaajabisha na sina nia ya kuyapunguza. Lakini yeye ni mmoja. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, na kati yao wanawake walikuwa kama 25,000. Kuichukua sura moja ya kwenye noti na kuifanya ushahidi wa maisha ya wote hao ni sawa na kumtazama tajiri mmoja wa sangara mwenye boti kumi na kusema kila anayeshuka ziwani hurudi na ghorofa.

Walio wengi kati ya wanawake hao hawakuwa majambazi. Walikuwa watumishi wa majumbani, wafuaji, washonaji na wachuuzi waliokutwa na shuka ya tajiri, kijiko cha fedha, gauni au kipande cha kitambaa kilichochomolewa dukani. Sheria za Uingereza za karne ya 18 zilikuwa kali kiasi kwamba makosa mengi ya mali yalibeba adhabu ya kunyongwa, hivyo kuhamishwa ng'ambo kulihesabiwa kuwa ni huruma. Hapo awali walipelekwa Marekani. Vita vya uhuru vya Wamarekani vilipoifunga njia hiyo, magereza yakafurika, meli chakavu zilizotiwa nanga zikageuzwa kuwa mahabusu, na hatimaye wakubwa wakaikumbuka pwani iliyo upande wa pili wa dunia. Mei 1787 meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth zikiwa na wafungwa wanawake wapatao 190 miongoni mwa waliomo, zikatia nanga Australia Januari 1788.

Sasa lipo jambo ambalo watetezi wa adhabu ya namna hii huwa hawalisemi. Hukumu ya mahakama ilitaja miaka saba, au 14, au maisha. Lakini Serikali iliyogharamia safari ya kwenda haikugharamia ya kurudi. Mwanamume aliyemaliza muda wake aliweza kushuka bandarini, akaomba kazi ya ubaharia na kurudi kwao huku akivuta kamba za matanga. Mwanamke hakuajiriwa ubaharia, kwa hiyo hakuwa na njia isipokuwa awe na fedha za nauli au apate wa kumlipia. Ndiyo maana miaka saba ya mwanamume ilikuwa na mwisho wake, ilhali miaka saba ya mwanamke, kwa walio wengi, ilikuwa kifungo cha maisha, ingawa hakimu alikuwa ameandika hesabu ileile kwa wote wawili. Reibey mwenyewe alipokwenda kuiona tena Uingereza mwaka 1820 akiwa na binti zake, alikwenda kwa kuwa mfuko wake uliruhusu. Wala hili halikuwa sahau ya makarani. Koloni lilijaa wanaume, na wakubwa walitaka wanawake wabaki ili wawe wake na wazazi wa taifa jipya. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa alikuwa mali ya thamani kwao hata kabla hajaulizwa anachotaka.

Kwa watu wa ziwa kama sisi, kisa kinachoeleweka zaidi kuliko vyote ni cha Mary Bryant, maana ndani yake mna mvuvi, nyavu na mashua. Alizaliwa katika familia ya watu wa bahari huko Fowey, Cornwall, na mwaka 1786, yeye na wenzake wawili wa kike, walishitakiwa kwa kumpora mwanamke mmoja njiani kofia ya hariri na vitu vingine. Alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa miaka saba ng'ambo. Safarini, ndani ya meli iliyoitwa Charlotte, alijifungua mtoto wa kike, naye akampa jina la meli hiyo. Walipofika aliolewa na mfungwa mwenzake, William Bryant, mvuvi wa Cornwall, ambaye kwa ujuzi wake alipewa usimamizi wa boti na nyavu za Serikali katika koloni lililokuwa likikabiliwa na njaa. Mwaka 1789 mvuvi huyo alikamatwa akiuza samaki kwa siri badala ya kuwapeleka wote stoo, akachapwa viboko 100, lakini kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi, aliachwa aendelee kuvua. Wasomaji wa mialoni hawahitaji kuelezwa jinsi mtu anayelisha wengine kwa nyavu zisizo zake anavyoweza kuwa na mawazo yake mwenyewe.

Na hapo panajitokeza tena lile suala la kurudi. Muda wa William ulikuwa ukiishia, na ofisa mmoja wa koloni, David Collins, aliandika kwamba William aliwahi kusikika akisema ndoa iliyofungwa huko haimbani. Mwanamume angeweza kuondoka; kilichokuwapo ni amri tu ya gavana ya kumzuia asiwaache nyuma mke na watoto wasioweza kujitunza. Mary hakuwa na hata njia hiyo ya kukimbilia baharini peke yake. Sijui kwa nini baadhi ya simulizi humtaja William kuwa ndiye kiongozi wa kilichofuata na Mary kuwa abiria tu, wakati aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kutaka mashua ni yeye.

Usiku wa tarehe 28 Machi 1791 waliichukua mashua ya gavana, iliyokuwa ya wazi, yenye makasia sita na tanga. Ndani yake waliingia Mary na mumewe, Charlotte aliyekuwa na miaka mitatu, mdogo wake Emanuel ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka miwili, na wanaume wengine saba. Walikuwa wamenunua kutoka kwa nahodha mmoja Mholanzi dira, kwadranti (chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota ili kujua chombo kilipo), bunduki na chakula, wakavificha mpaka usiku huo. Walifuata pwani kuelekea kaskazini, wakilala ufukoni palipokuwa salama na kukesha wakikomba maji palipokuwa hapana salama. Mashua ilipoanza kuvuja, walichokuwa nacho cha kuzibia mapengo ya mbao ni sabuni, wakakalafati kwa sabuni hiyo na safari ikaendelea. Fundi wa mitumbwi anayeziba kwa nyuzi za pamba pale Igombe atajua maana ya kuingia bahari kuu kwa sabuni. Baada ya siku 69, na mwendo wa zaidi ya kilomita 5,000, waliingia Kupang katika kisiwa cha Timor, watoto wote wawili wakiwa hai.

Waholanzi waliwapokea kwa kuwa walijieleza kuwa ni watu walionusurika meli yao kuzama. Baadaye ukweli ulijulikana, wakakabidhiwa kwa nahodha wa Kiingereza, Edward Edwards, aliyekuwa akiwasaka waasi wa meli nyingine na ambaye meli yake mwenyewe ilikuwa imevunjika miambani. Desemba 1791 Emanuel alifariki Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, na kabla mwezi haujaisha baba yake naye akafariki. Charlotte alikufa Mei 1792 wakiwa baharini kurudi Uingereza, akazikwa majini. Kwa hiyo Mary ndiye mmoja wa wachache waliorudi, na bei aliyolipa ni mume na watoto wake wote. Aliwekwa gereza la Newgate, London, ambako James Boswell, wakili na mwandishi mashuhuri wa wakati huo, alimpigania mpaka akasamehewa Mei 1793, kisha akamwekea posho ya pauni 10 kwa mwaka. Mary alikuwa amebeba kutoka Australia majani makavu ambayo wafungwa waliyachemsha wakayanywa kama chai. Alimgawia Boswell, na majani hayo yalikutwa katika makaratasi yake miaka mingi baada ya kifo chake. Mtu aliyepoteza kila kitu njiani alikuwa bado ana majani ya chai mfukoni.

Waliobaki hawakuwa na maisha ya namna moja. Wapo waliopangiwa kazi katika nyumba za walowezi wenye moyo, wakamaliza muda wao, wakaolewa na kupata mashamba. Wapo pia waliorudishwa na mabwana zao kwa ulevi, kwa jibu la kiburi au kwa kushika mimba, na hao walipelekwa katika nyumba zilizoitwa viwanda vya wanawake, ambavyo kwa kweli vilikuwa magereza yenye kazi za kusokota, kushona na kufua. Kile cha Parramatta, karibu na Sydney, kilipata jengo lake jipya mwaka 1821. Wanaume waliotaka mke walikuwa wakipewa kibali cha kwenda kuchagua pale, wanawake wakiwa wamepangwa mstari. Oktoba 1827, baada ya chakula kupunguzwa, wanawake wa Parramatta walivunja lango, wakamiminika mjini, wakaingia katika maduka ya mikate na nyama, na askari walipoitwa kuwarudisha walirudi nao huku aproni zao zimejaa mikate.

Cha kule Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, kiliitwa Cascades, nacho kilifunguliwa 1828 katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha pombe, bondeni ambako jua huchelewa kufika na unyevu haukauki. Wafungwa waligawanywa kwa madaraja, na wa daraja la makosa walivaa nguo zenye herufi C ya rangi ya njano, wakasimama kutwa kwenye mapipa ya kufulia nguo za watu wengine. Mjamzito alirudishwa hapo kujifungua, akamnyonyesha mtoto kwa miezi michache, kisha akatenganishwa naye na kutumikia adhabu ya kosa la kuzaa nje ya ndoa. Aliyempa mimba, hata kama ni bwana wa nyumba, kwa kawaida hakuulizwa. Watoto walikufa kwa wingi mno, kiasi kwamba magazeti ya Hobart yenyewe yalipiga kelele, na walioishi hadi umri wa miaka miwili au mitatu walipelekwa shule ya yatima wakati mama zao wangali hai ng'ambo ya mji. Mwaka 2010 UNESCO iliingiza Cascades katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na maeneo mengine 10 ya wafungwa wa Australia. Inafaa mwenzangu ajue kwamba nchi anayoisifu haikuliweka eneo hilo katika orodha kwa kujivunia mafanikio ya adhabu yenyewe.

Nitaje na kitu kingine kilichohifadhiwa. Mwaka 1841 wanawake waliokuwa katika meli iitwayo Rajah, wakielekea Hobart, walipewa sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa na chama cha kina mama kilichoanzishwa na Elizabeth Fry, mama wa Kiingereza aliyejitolea kwa ajili ya wafungwa wanawake. Katika miezi ya safari walishona mfuniko mkubwa wa kitanda kwa zaidi ya vipande 2,800, wakautarizi maneno ya kuwashukuru kina mama hao. Leo upo katika jumba la sanaa la taifa la Australia, Canberra. Una shukrani, una mwaka, una jina la meli. Majina ya walioushona hayamo.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1913 Serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkamata Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewahamasisha watu wake kukataa kazi za kulazimishwa, ikamtoa pwani na kumpeleka magharibi mwa nchi, upande huu wa ziwa, ikiamini kwamba umbali utamnyamazisha. Alitoroka akarudi kwao kwa miguu. Hapa kwetu Tanganyika, mkoloni alitunga mwaka 1921 sheria iliyompa gavana mamlaka ya kumhamisha mtu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine bila kumfikisha mahakamani, na sheria hiyo iliendelea kuwapo vitabuni baada ya Uhuru. Ni hapa hapa Mwanza, mwaka 1988, ambapo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kuwa sheria hiyo inakwenda kinyume na Katiba, katika shauri la mtu aliyekuwa ameshikiliwa Musoma. Na miaka michache baadaye Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama vya siasa, ikaitaja miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Nashangaa kwamba mji ambao mahakama yake ilisema hivyo ndio leo unaandikiwa barua ya kuomba kisiwa cha kutupia watu.

Sikanushi kwamba wizi upo. Mama aliyeanika dagaa wake tangu alfajiri, akageuza mgongo na kukuta nusu ya wavu mtupu, ana haki ya kuwa na hasira, na mkopo wake hausubiri. Lakini adhabu isiyompeleka mtu mbali na watoto wake ipo tayari. Tangu 2002 tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, ambayo inairuhusu mahakama, ikiona kifungo kinachomfaa mkosaji hakizidi miaka mitatu, imwamuru afanye kazi ya manufaa kwa umma bila malipo huku akilala nyumbani kwake. Mwaloni unaweza kufagiwa, mitaro ya soko inaweza kuzibuliwa, na aliyeibiwa akamwona aliyemwibia akilipa kwa jasho lake mbele ya macho yake, jambo ambalo kisiwani lisingewezekana.

Kwa mwandishi wa barua ile nina maswali matatu, na ningefurahi akiyajibu kupitia ukurasa huu. Mwanamke atakayevushwa akiwa na mtoto mgongoni, mtoto huyo ataandikwa kuwa nani? Akiwa amewaacha wengine Igogo au Mabatini, nani atawalisha kwa muda huo? Na siku muda wake ukiisha, nani atatuma boti ya kumfuata, na fedha za mafuta ya boti hiyo zitatoka fungu gani?

Naomba pia maofisa wa Huduma za Uangalizi mkoani kwetu, wanaosimamia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya gereza, iwapo wanasoma gazeti hili, watueleze ni namna gani uongozi wa mialo unaweza kuomba wakosaji wapangiwe kazi za usafi pale Kirumba, ili viongozi wa wafanyabiashara walipeleke jambo hili katika kikao chao kijacho.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Nyegezi, Mwanza